Je, wajua kwa nini mtoto husema "hamna" mapema, lakini "kesho" humsumbua kwa miaka?

Msikilize mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Maneno yake pengine hayafiki hamsini, lakini mojawapo ni la kutangaza kwamba kitu kimetoweka: "hamna", "imeisha". Mtoto huyohuyo akifika miaka mitatu anaunga sentensi ndefu, anauliza sababu ya kila kitu na anabishana na wakubwa. Hata hivyo atakwambia, bila wasiwasi wowote, kwamba "tulienda kesho".

Maneno yote mawili ameyasikia kila siku tangu azaliwe. Yote ni mafupi, na yote huja mdomoni bila taabu kubwa. Ugumu wa kutamka hauwezi kueleza pengo la miaka miwili au zaidi kati ya kulitumia moja sawasawa na kulitumia lingine sawasawa. Tofauti iko kwenye kile ambacho kila neno linamtaka mtoto awe tayari kukiwaza. Ili useme "hamna" inatosha kukumbuka kitu kilichokuwepo muda mfupi uliopita. Ili useme "kesho" lazima uwe na picha ya siku zinazopangana moja baada ya nyingine, ujue uko kwenye ipi, kisha ukubali kwamba ile iliyoitwa kesho itaamka ikiitwa leo. Hata mtu mzima akijaribu kulieleza neno hilo vizuri atajikuta anababaika.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba neno husubiri wazo lake. Lakini jibu hilo likiachwa hapo linapotosha. Akili ya mtoto haikomai yote kwa mpigo kisha lugha ikafuata nyuma. Kila kundi la maneno lina wazo lake mahususi linalolifungulia njia, na mara nyingine mambo hugeuka: neno linatangulia, na ndilo linalomvuta mtoto hadi kwenye wazo. Mimi naona upande huo wa pili ndio unaosahaulika zaidi, na ndio unaowahusu zaidi watu wanaoishi na mtoto.

Tuanze na upande wa kwanza. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, aliwachunguza watoto wake watatu kwa makini tangu wakiwa wachanga. Alikuwa akificha kitu chini ya kitambaa na kuandika walichofanya. Kabla ya takriban miezi minane, mtoto aliyekuwa akikitamani kitu hicho hakukitafuta tena kikishafunikwa. Baadaye alianza kukifunua. Ilipokaribia miaka miwili aliweza jambo gumu zaidi: kitu kikifichwa ndani ya kiganja, kiganja kikapitishwa chini ya kitambaa na kutoka kitupu, mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Hakukiona kikiachwa pale, ila alifikiri kwamba lazima kimebaki huko. Kwa maoni ya Piaget, lugha ni tawi moja la uwezo huo wa kushika akilini kitu kisichokuwepo mbele ya macho. Matawi mengine ni michezo ya kuigiza, kama kulifanya boksi kuwa gari, na kuiga leo jambo lililoonekana siku iliyopita. Yote huchipua katika mwaka wa pili.

Katika miaka ya 1980, wanasaikolojia Alison Gopnik na Andrew Meltzoff waliliuliza swali hilo kwa ukali zaidi. Kama lugha na fikra zinakua pamoja, ni fikra ipi hasa na maneno yapi hasa? Waliwafuatilia watoto wa karibu mwaka mmoja na nusu, wakawapa majaribio ya kutafuta vitu vilivyofichwa na majaribio ya kutumia njia kufikia lengo, kwa mfano kukivuta kitu cha mbali kwa kutumia kifaa badala ya kuhangaika kwa mkono. Papo hapo waliandika maneno mapya ya kila mtoto. Maneno ya kutoweka, ya jamii ya "hamna", yalijitokeza karibu na wakati mtoto alipofaulu majaribio magumu ya kutafuta. Maneno ya kufaulu na kushindwa, yale ya "tayari!" na "ayaa!", yalijitokeza karibu na wakati alipofaulu majaribio ya njia na lengo. Aliyetangulia katika jaribio moja hakutangulia lazima katika lingine, na maneno yake yalifuata mpangilio uleule. Hilo ndilo linalonivutia zaidi katika kazi yao. Mtoto husema kwanza juu ya tatizo analopambana nalo wakati huo.

Hapa inafaa kumrekebisha Piaget kidogo. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, Renée Baillargeon alionyesha kwamba watoto wa miezi michache tu hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi wakioneshwa jambo lisilowezekana, kama ubao kupita mahali ambapo kuna kitu kigumu kilichofichwa nyuma yake. Kumbe wanajua kwamba kitu kingali pale hata kabla ya kuweza kukitafuta. Lakini kujua kwa macho hakujawa kujua kwa kutenda wala kwa kusema. Kati ya wazo linalojitokeza kwenye jicho na wazo linaloweza kubeba neno, kuna safari ya miezi mingi.

Kuna mfano mwingine unaofanana. Mpe mtoto wa mwaka mmoja vitu vinane vilivyochanganywa, vinne vya aina moja na vinne vya aina nyingine. Atavichezea tu. Karibu na mwezi wa kumi na nane, watoto wengi huanza kuvitenga: hivi huku, vile kule, bila kuambiwa. Gopnik na Meltzoff waliona kwamba kipindi hicho cha kutenga makundi mawili kamili kilikaribiana na mfumuko wa majina, pale mtoto anapoanza kuuliza jina la kila kitu na kulishika. Inaeleweka: jina la kawaida ni jina la kundi. Mtoto aliyegundua kwamba kila kitu duniani kina kundi lake atataka majina yake yote.

Ila makosa yake ya majina yasikudanganye. Mtoto anayemwita ng'ombe "mbwa" mara nyingi anajua tofauti yao. Mwekee picha mbili, umuulize ng'ombe yuko wapi, na huenda akanyoosha kidole bila kukosea. Kichwani makundi ni mawili. Mdomoni neno lililo tayari ni moja, naye analitumia hilo alilo nalo. Ndiyo maana kuyapima mawazo ya mtoto kwa maneno anayotamka peke yake ni kumpunja.

Soonja Choi, akishirikiana na Gopnik, aliwatazama watoto wanaokua na Kikorea. Katika lugha hiyo kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, mahali panaposikika vizuri, na nomino huachwa mara kwa mara kama inaeleweka. Akina mama wa Kikorea waliwatajia watoto wao vitendo zaidi, na wa Kiingereza waliwatajia majina zaidi. Watoto wa Kikorea walifaulu majaribio ya njia na lengo mapema zaidi kuliko wenzao, na wakachelewa kidogo katika kutenga makundi na katika mfumuko wa majina. Lugha waliyoisikia ilikuwa imeelekeza macho yao upande fulani wa mambo. Hapa tayari mshale umeanza kuelekea upande wa pili.

Kuhesabu si kujua idadi

Idadi ndilo eneo ambalo pande zote mbili huonekana wazi, na kwa maoni yangu ndilo wazazi wanalolielewa vibaya zaidi. Mtoto wa miaka miwili na nusu anaimba "moja, mbili, tatu, nne, tano" na watu wazima wanampigia makofi. Sasa mwombe akupe vitu vitatu kutoka kwenye rundo. Atachota konzi nzima. Mwambie ahesabu vilivyo mezani. Atavigusa kimojakimoja hadi tano. Muulize, "Kwa hiyo ni vingapi?" Ataanza kuhesabu upya. Kwake swali la "ngapi" ni ombi la kuanza wimbo.

Karen Wynn alilichunguza hili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aligundua kwamba watoto hupanda ngazi kwa utaratibu. Kwanza wanajua maana ya "moja" peke yake: ukiomba kimoja wanakupa kimoja, na ukiomba idadi nyingine yoyote wanakupa vingi tu. Miezi kadhaa baadaye wanajua "mbili", kisha "tatu". Baada ya hapo hawaendelei kujifunza "nne", "tano" na "sita" kwa zamu. Wanaruka. Ghafla wanatambua kwamba neno la mwisho katika kuhesabu ndilo idadi yenyewe, na tangu hapo maneno yote ya orodha yao yanapata maana kwa pamoja. Kwa miezi mingi maneno yalikuwepo, kwa mpangilio sahihi, yakiwa matupu. Hayakuwa kazi bure, maana orodha hiyo iliyokaririwa ndiyo aliyokuja kuishika alipokuwa anaruka.

Sarufi nayo hutia mkono. Kislovenia na Kiarabu vina umbo la uwili mbali na umoja na wingi, yaani nomino hubadilika vitu vikiwa viwili kamili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha watoto wanaokua na Kislovenia au Kiarabu cha Saudia na wale wa Kiingereza, ambacho hakina uwili. Watoto wenye uwili katika lugha yao waliifahamu maana ya "mbili" mapema zaidi. Hawakuwa na akili zaidi. Lugha yao iliwalazimisha, mara nyingi kila siku, kuangalia kama vitu ni viwili au zaidi.

Turudi kwenye "kesho"

Tunajuaje kwamba "kesho" huchelewa kwa sababu ya akili, na si kwa sababu mtoto hajapata uzoefu wa kutosha wa lugha? Swali hili ni gumu kulipima, kwa kuwa katika mtoto wa kawaida umri na uzoefu huongezeka pamoja. Huwezi kumpata mtoto mwenye akili ya miaka minne ambaye ndiyo kwanza anaanza kujifunza lugha ya nyumbani kwake. Ama tuseme, huwezi kwa kawaida.

Jesse Snedeker na wenzake waliwapata. Ni watoto waliozaliwa nchi nyingine na kulelewa Marekani na wazazi wa kuasili. Baadhi walifika wakiwa wachanga, wengine wakiwa na umri wa shule ya awali. Hawa wakubwa walianza Kiingereza mwanzo kabisa, wakiwa na akili iliyokwisha kukomaa kwa miaka kadhaa. Watafiti waliyafuatilia makundi yote mawili kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo mwaka 2012.

Jambo la kwanza waliloliona lilikuwa la kushangaza. Wakubwa walipita njia ileile ya wachanga. Walianza na neno mojamoja, wengi wakiwa na majina ya vitu na maneno ya salamu. Vitenzi, vivumishi na sentensi vilifuata kadiri msamiati ulivyopanuka. Ukomavu wa akili haukuwarusha hatua hizo. Maana yake ni kwamba watoto wachanga hawaanzi na majina kwa sababu akili zao ni changa. Wanaanza hivyo kwa sababu lugha yenyewe hufunguka hivyo: ukishayajua majina ndipo unapata pa kushikia ili ukamate kitenzi katika sentensi unayoisikia.

Jambo la pili ndilo jibu letu. Kulikuwa na maneno ambayo wakubwa waliyashika katika hatua ya mapema zaidi kuliko wachanga: maneno ya wakati uliopita na ujao, pamoja na maneno ya kueleza tabia na hali za moyoni. Hawa walikuwa tayari na wazo la kesho. Walikuwa wanasubiri sauti yake tu. Mchanga husikia sauti hiyo tangu siku ya kwanza, naye husubiri wazo.

Ndiyo maana "tulienda kesho" si kosa la uzembe. Mtoto amekwisha kugundua kwamba "jana" na "kesho" ni maneno ya siku isiyo leo, na hilo ni hatua kubwa. Kilichobaki ni kupanga ipi iko nyuma na ipi iko mbele. Kumcheka hakumsaidii. Ukimrudishia sentensi yake ikiwa sahihi, "Ndiyo, tulienda jana, na jana ulikutana na mwenzako," unampa neno likiwa limefungwa kwenye tukio analolikumbuka, nalo tukio ndilo analolimudu kwa sasa.

Wazo likiwepo, bado kuna kazi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba wazo likifika neno huja lenyewe. Mwanaisimu Dan Slobin alitumia mfano mzuri sana wa watoto wa Yugoslavia ya zamani waliokuwa wakikua na lugha mbili, Kihungaria na Kiserbia-Kikroatia. Mtoto huyohuyo, akiwa na akili ileile, aliweza kueleza mahali kitu kilipo au kinakokwenda kwa Kihungaria mapema kuliko kwa lugha yake ya pili. Wazo la "ndani" au "juu" alikuwa nalo, maana alilitamka katika lugha moja. Sababu ilikuwa umbo. Kihungaria huongeza kiambishi kimoja mwishoni mwa nomino, kwa namna inayokaribiana na "-ni" ya "mezani". Kiserbia-Kikroatia kinadai kihusishi kabla ya nomino na badiliko mwishoni mwake, vyote kwa pamoja. Slobin alihitimisha kwamba masikio ya watoto huvutwa na miisho ya maneno, na kwamba wazo huamua wakati mtoto anapoanza kutafuta namna ya kusema, kisha ugumu wa lugha huamua muda atakaoutafuta.

Pia kuna fumbo ambalo wengi huliuliza: kama akili iliyokomaa ni msaada, mbona watu wazima hujifunza lugha mpya kwa shida hivyo? Mwaka 1990 Elissa Newport alipendekeza kwamba udogo wa kumbukumbu ya mtoto unaweza kuwa faida. Mtu mzima hushika vipande virefu, anakariri kishazi kizima bila kukipasua. Mtoto hana nafasi hiyo. Anaokota vipande vidogo, na vipande vidogo ndivyo vinavyojenga sarufi. Ni pendekezo ambalo bado linajadiliwa, ila linatukumbusha kwamba uchanga wa akili hauwi kikwazo kila mahali.

Neno linapotangulia

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walibuni hadithi fupi. Mvulana anaweka chokoleti kwenye kabati moja na kutoka. Akiwa nje, mama yake anaihamishia kwenye kabati jingine. Mvulana akirudi ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu: pale ilipo sasa. Baada ya kufikisha miaka minne au zaidi kidogo, wengi hujibu: pale alipoiacha, maana yeye anadhani ingali huko. Ni katika kipindi hicho maneno "anajua", "anadhani" na "kumbe" huanza kutumika kwa maana yake kamili.

Je, wazo ndilo lililoleta maneno hayo, au kinyume chake? Ushahidi wenye uzito ulitoka Nikaragua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi walikusanywa katika shule za Managua, na kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja, wakaunda moja wenyewe. Kundi la kwanza lilikuwa na lugha ya alama changa, yenye alama chache za "kujua" na "kudhani". Waliokuja nyuma yao waliikuza. Jennie Pyers na Ann Senghas walipowapa watu hao jaribio linalofanana na lile la chokoleti, lisilohitaji maelezo marefu ya lugha, walikuta kwamba wale wa kundi la kwanza, sasa watu wazima, walishindwa mara nyingi zaidi kuliko vijana wa kundi la pili. Miaka miwili baadaye wakubwa hao walikuwa wamechangamana zaidi na vijana na kuchukua alama zao za mawazo, na matokeo yao katika jaribio yalikuwa yamepanda. Watu wazima wenye kazi na maisha yao walipata njia mpya ya kuelewa mawazo ya wengine kwa kupata maneno yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Jambo hili linaonekana pia kwa watoto viziwi mahali popote. Waliozaliwa na wazazi wanaotumia lugha ya alama hufaulu jaribio hilo kwa umri wa kawaida. Waliozaliwa na wazazi wanaosikia, wakachelewa kupata lugha yoyote kamili, huchelewa kwa miaka. Uziwi peke yake hauzuii wazo. Kukosa lugha ndiko kunakolizuia. Kwa hiyo mtoto anayechelewa kusema apimwe masikio mapema, na kama hasikii, apewe lugha ya alama bila kusubiri. Kila mwaka unaopita ni mwaka ambao fikra zake zimekosa chakula.

Aliyeliona hili mapema ni mwanasaikolojia Lev Vygotsky wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja na Piaget. Wote wawili walilitazama jambo moja: mtoto wa miaka minne au mitano akicheza huku akijisemea kwa sauti. Piaget aliona humo akili ambayo bado haijaweza kujiweka katika nafasi ya msikilizaji, na akaona kwamba mazungumzo hayo hufifia mtoto anapozoea kuongea na wenzake. Vygotsky alifanya jaribio rahisi. Aliwawekea watoto vikwazo, kwa mfano wakati wa kuchora penseli ya rangi waliyoihitaji ikakosekana, na kujisemea kwao kukaongezeka karibu maradufu. Mtoto alikuwa akiuliza penseli iko wapi, akijijibu kwamba si kitu, akipanga kutumia nyingine. Kwa Vygotsky hayo yalikuwa ni kufikiri kwenyewe. Lugha aliyoipokea kutoka kwa watu imegeuzwa kuwa chombo cha kuongoza vitendo vyake, na inapopungua kusikika karibu na umri wa kwenda shule haifi. Inaingia ndani na kuwa sauti ya moyoni.

Vygotsky alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na kitabu alichoeleza hayo kikatoka mwaka huohuo. Piaget alikuja kujibu hoja zake kwa maandishi mwaka 1962, na kuhusu mtoto anayejisemea alikubali kwamba kwa sehemu kubwa mwenzake alikuwa sahihi.